Umehifadhi jina, lakini umelihifadhi wapi?

Maswali yanayotoka kwa wasomaji wa Mahege na kata jirani za Kibiti kuhusu barua pepe, ukiyachuja, yanabaki yale yale matatu. "Nimeingiza anwani ya mganga mfawidhi mpya kwenye kompyuta ya ofisi, mbona mwenzangu haioni?" "Nikitaka kusahihisha namba kwenye orodha ya taasisi naambiwa sina ruhusa, nimekosea nini?" "Kwa nini kila nikianza kuandika jina inajileta anwani ya mtu aliyehamishwa zamani?" Wanaouliza ni makarani wa vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS), walimu wanaoshika ofisi ya shule, watumishi wa zahanati na vijana wa asasi zinazoshughulika na mikoko huko delta ya Rufiji.

Yote matatu yana mzizi mmoja. Programu ya barua pepe haina kitabu kimoja cha anwani. Ina kadhaa, kila kimoja kinakaa mahali pake na kina kanuni zake, na ukibonyeza kitufe cha kuhifadhi, jina linaingia kwenye kimojawapo bila wewe kuulizwa. Nitaeleza kwa kutumia Thunderbird, maana ni ya bure, kisha nitagusa Outlook na simu za Android.

Vitabu vilivyomo ndani ya programu yako

- Kitabu chako binafsi. Kwenye Thunderbird kinaitwa "Personal Address Book". Kimo ndani ya diski ya kompyuta hiyo hiyo, katika faili liitwalo abook.sqlite. Hakuna mwingine anayekiona. Diski ikifa, nacho kimekufa.
- Kitabu cha anwani zilizookotwa. Kinaitwa "Collected Addresses". Programu inakijaza yenyewe kila unapomwandikia mtu ambaye hayumo kwenye vitabu vingine. Ukikosea herufi moja ya anwani leo, kosa hilo linaokotwa na kutunzwa.
- Saraka ya taasisi. Hii iko kwenye seva, mbali na kompyuta yako. Programu inaiuliza maswali kwa utaratibu uitwao LDAP, ambao ulitungwa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, mwaka 1993, na bado ndio unaotumika maofisini duniani kote.
- Kitabu cha kusawazishwa. Nacho kiko kwenye seva, ila kila kifaa kilichoruhusiwa kinaweza kuandika humo na wenzake wakaona. Utaratibu wake ni CardDAV. Thunderbird inaupokea bila nyongeza yoyote tangu toleo la 91 la mwaka 2021.

Mwenye swali la kwanza aliandika kwenye kitabu cha kwanza, na mwenzake anatafuta kwenye cha tatu au cha nne. Hakuna kilichoharibika.

Kwa nini saraka inakukatalia kuandika

Saraka ya LDAP ni kama ubao wa matangazo wenye kioo na kufuli pale ofisi ya mtendaji: wote mnasoma, ufunguo uko kwa mmoja. Ilitengenezwa kwa ajili ya kusomwa mara nyingi na kuandikwa mara chache. Thunderbird yenyewe haiandiki kabisa kwenye saraka ya namna hiyo, hata ukipewa nywila ya msimamizi. Kwa hiyo ukikataliwa, usibadilishe nywila, usifute akaunti, wala usimlaumu aliyekuunganishia. Andika marekebisho unayotaka na umpelekee mtunza saraka.

Watumishi wa umma wanaotumia Mfumo wa Barua Pepe Serikalini, ulio chini ya Mamlaka ya Serikali Mtandao, e-GA, waanzie ofisi ya TEHAMA ya halmashauri. Kubahatisha vipimo vya mfumo wa serikali kunakupotezea siku nzima, na ukikosea nywila mara nyingi akaunti inaweza kufungwa.

Kuna kosa ambalo watu wengi wenye nia njema hulifanya hapa. Wakishakataliwa, wanalinakili jina kutoka kwenye saraka hadi kitabu chao binafsi, wanalisahihisha huko na kuridhika. Sasa kuna nakala mbili. Saraka ikirekebishwa mwezi ujao, nakala yako haitajua. Mwaka ukipita, ukiandika jina hilo zitajitokeza anwani mbili na hutakumbuka ipi ni sahihi. Usinakili isipokuwa una sababu, na ukinakili, andika tarehe kwenye sehemu ya maelezo.

Kuunganisha saraka, hatua kwa hatua

Kabla hujagusa kitu, omba haya kwa mtu wa TEHAMA, kwa maandishi:

- anwani ya seva, kwa mfano saraka.mfano.or.tz
- mzizi wa kutafutia, kwa mfano dc=mfano,dc=or,dc=tz
- namba ya mlango, ambayo huwa 389 au 636
- jina la kuingilia na nywila, kama saraka haisomwi na kila mtu

Ukishavipata:

1. Fungua "Address Book", chagua kuongeza kitabu kipya cha aina ya LDAP.
2. Kwenye "Name" andika jina utakalolitambua, mfano "Saraka ya Ofisi".
3. Anwani ya seva inaingia kwenye "Hostname", mzizi kwenye "Base DN", jina la kuingilia kwenye "Bind DN". Mzizi unakiliwe herufi kwa herufi. Alama ya mkato ikikosekana, hutapata jina hata moja, na huenda programu isikwambie kwa nini.
4. Weka alama kwenye "Use secure connection (SSL)". Mlango utageuka kuwa 636.
5. Nenda kwenye mipangilio ya uandishi wa barua, sehemu ya "Addressing", uwashe "Directory Server" na uchague saraka yako. Usipofanya hivi, saraka itakuwepo lakini majina hayatajileta unapoandika barua.

Hatua ya nne si mapambo. Mlango 389 bila ulinzi unapitisha nywila yako ikiwa wazi, na mtu aliye kwenye Wi-Fi ile ile ya nyumba ya wageni au kituo cha mabasi anaweza kuisoma. Mtu wa TEHAMA akikwambia seva yake haina ulinzi, mwombe aiwekee. Ni kazi yake na ni haki yako.

"Nimemaliza, lakini kitabu ni kitupu!"

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa na kufuta kila kitu. Ukibofya saraka uliyoiunganisha utaona ukurasa mweupe, hamna jina. Ndivyo inavyotakiwa. Saraka haimwagi majina yote kwenye kioo, inasubiri uulize. Weka kielekezi kwenye kisanduku cha kutafutia, andika herufi tatu za mwanzo, mfano "zah", kisha subiri kidogo. Zahanati zote zilizomo zitajipanga. Ukifuta herufi hizo, ukurasa unarudi mweupe.

Ukitafuta na bado hupati kitu, kagua kwa mpangilio huu:

- Je, intaneti ipo? Fungua ukurasa wowote wa wavuti.
- Mzizi umeandikwa sawasawa?
- Kwenye "Advanced", utafutaji uwe "Subtree". Ukiwa "One level", majina yaliyo kwenye matawi ya ndani hayaonekani.
- Majina yanakuja lakini yanaishia 100? Hicho ni kikomo kilichowekwa na programu, kiko hapo hapo kwenye "Advanced", na unaweza kukiongeza.

Mtandao ukikatika

Msomaji wa huku hahitaji kuelezwa jinsi mambo yanavyoweza kukatika. Aprili 2024 mafuriko yaliifunika Rufiji na Kibiti. Tarehe 4 Mei Kimbunga Hidaya kikatua Mafia, na barabara ya kwenda Lindi ikakatika upande wa Somanga. Tarehe 12 Mei nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu na intaneti ikadorora nchi nzima. Siku kama hizo ndizo unazohitaji kumpata mganga mkuu wa wilaya, na ndizo ambazo saraka iliyo kwenye seva ya mbali haifikiki.

Thunderbird inaweza kupakua nakala ya saraka nzima. Fungua sifa za saraka, nenda "Offline", bonyeza "Download Now". Kama seva inaruhusu, majina yatashuka. Kuna mambo mawili ambayo hutayaona yameandikwa kwenye kioo:

Kwanza, nakala hiyo inatumika pale tu unapoiambia programu kwamba uko nje ya mtandao. Ukiwa na intaneti inayosuasua na programu inaamini bado imeunganishwa, itaendelea kuibishia hodi seva isiyojibu huku nakala yako imelala. Kwenye menyu ya faili chagua "Work Offline", kisha tafuta jina.

Pili, nakala haijisasishi. Ulichopakua Januari ni cha Januari. Jiwekee siku moja ya mwezi ya kubonyeza tena.

Usihofie bando. Majina 200 bila picha ni maandishi tu, mara nyingi hayafiki hata megabaiti moja. Picha za watu ndizo nzito, nazo kwenye kitabu cha ofisi hazina kazi.

Outlook iliyounganishwa na seva ya Exchange inajitahidi zaidi: inashusha nakala ya orodha ya taasisi yenyewe, kwa kawaida mara moja kwa saa 24. Ndiyo maana mtumishi aliyeingizwa asubuhi huenda asionekane kwenye kompyuta yako hadi kesho yake. Kabla hujapiga simu kulalamika, subiri siku ipite.

Na hata ukiwa na haya yote, chapa ukurasa mmoja wenye namba 20 za lazima: zahanati, kituo cha afya, mtendaji, polisi, halmashauri, chama kikuu. Ubandike ndani ya kabati. Umeme ukikatika siku tatu, kompyuta haina msaada.

Anwani ya zamani inayong'ang'ania

Swali la tatu. Anwani hiyo haitoki kwenye saraka. Inatoka kwenye kitabu cha zilizookotwa, au kwa Outlook, kwenye orodha ya kujazia ambayo programu inajitunzia. Kuisahihisha saraka hakutasaidia.

- Kwenye Thunderbird: fungua "Collected Addresses", itafute, ifute. Ukitaka kuziba chanzo chenyewe, nenda "Addressing" uondoe alama inayoruhusu programu kuokota anwani unazoziandikia. Mimi nashauri uiondoe kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi.
- Kwenye Outlook: anza kuandika jina, anwani mbovu ikijitokeza bofya alama ya X iliyo pembeni yake.
- Kwenye Gmail: fungua anwani zako, tazama sehemu ya "Other contacts". Huko ndiko Google inakotunza watu uliowahi kuwasiliana nao bila wewe kuwahifadhi.

Chunguza hasa anwani zilizobaki tangu Kibiti ikiwa sehemu ya Rufiji, ofisi za wilaya zikiwa Utete. Barua iliyopotea njia hairudi ikikupigia kelele kila mara. Kama sanduku la zamani bado lipo, inaingia humo na kukaa.

Je, AMCOS au shule iwe na seva yake ya saraka?

Hapana. Nalisema wazi kwa sababu najua kuna watu wanaouza huduma hiyo kwa ofisi ndogo. Seva ya LDAP inahitaji mtu wa kuihudumia, umeme usiokatika, nakala rudufu na fedha ya kila mwezi. Ofisi ya watu watano haihitaji hayo. Kinachokufaa ni kitabu cha kusawazishwa, nacho unaweza kukipata leo bila kununua kitu:

1. Fungua akaunti moja ya Google kwa ajili ya anwani tu. Isiwe ile ya barua za ofisi, maana kila mwenye nywila yake angezisoma barua.
2. Ingiza majina yote humo.
3. Kwenye kila kompyuta, fungua "Address Book" ya Thunderbird, ongeza kitabu cha CardDAV, andika anwani ya akaunti hiyo, kisha ingia kwenye dirisha litakalofunguka.
4. Kwenye simu za Android, ongeza akaunti hiyo hiyo, kisha kwenye mipangilio ya usawazishaji acha anwani peke yake zikiwa zimewashwa. Zima barua, kalenda na picha.
5. Jina jipya likiingizwa kwenye simu, chagua lihifadhiwe kwenye akaunti hiyo, si kwenye laini wala kwenye simu yenyewe.

Hatua ya tano ndiyo inayosahaulika. Simu inakuuliza mara ya kwanza tu, baada ya hapo inaendelea na chaguo la awali kimya kimya. Laini inabeba majina machache na mara nyingi haibebi anwani ya barua pepe. Ukipoteza laini, majina nayo yamepotea.

Mtu akifuta kwa bahati mbaya, usishtuke. Google inatunza anwani zilizofutwa kwa siku 30, na inaweza kurudisha orodha nzima ilivyokuwa ndani ya muda huo. Zikipita siku hizo, basi.

Asasi ambayo tayari ina seva ya Nextcloud itumie kitabu cha humo. Kwa simu za Android itabidi kuweka programu ya DAVx5, kwa kuwa Android haijui CardDAV yenyewe. iPhone inaijua.

Tahadhari ya Excel

Wengi mna orodha ya wanachama kwenye Excel na mnataka kuihamishia kwenye kitabu. Inawezekana, kwa kuihifadhi kama faili la CSV kisha kuliingiza. Lakini Excel ikiona 07 mwanzoni mwa namba inadhani ni hesabu, inaitupa sifuri. Namba za wanachama wote zinabaki na tarakimu tisa, na hutagundua hadi siku ya kupiga simu.

- Kabla ya kuandika, chagua safu ya namba na uigeuze kuwa "Text".
- Andika namba kwa mtindo wa kimataifa: +255 na tarakimu tisa, bila sifuri ya mwanzo. Ndugu aliye Muscat au mfadhili aliye Nairobi ataipiga hivyo hivyo ilivyo.
- Ingiza majina matano kwanza, uyakague, ndipo uingize yote. Ukiingiza faili lile lile mara mbili utapata kila mtu mara mbili.

Jina liandikwe vipi

Anzeni na cheo na mahali, jina la mtu lifuate. "Mganga Mfawidhi, Zahanati", kisha jina la kijiji, kisha jina lake. Watumishi wanahamishwa, ofisi inabaki. Akija mpya unabadilisha jina na namba, na mwenzako anayetafuta "mganga" bado anafika. Ukiandika "Daktari wetu" au "Mwalimu wa hesabu", atakayekurithi hatajua ni nani.

Kubalianeni tahajia moja. Mkiandika "S/M", "Shule ya Msingi" na "Primary" kila mmoja kivyake, utafutaji utaleta nusu ya shule.

"Si tuna grupu la WhatsApp?"

Lina kazi yake, liendelee. Lakini grupu linakupa namba za simu, halikupi anwani ya barua pepe ya ofisi, na mtu akibadili laini au akitoka, ametoka na taarifa zake. Mnunuzi wa ufuta akitaka nyaraka za mnada zitumwe rasmi, hutamtafutia anwani kwa kupekua mazungumzo ya mwaka mzima.

Majina ya watu si mali ya kugawa

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahusu hata orodha yako. Inataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inataka taarifa zitumike kwa lengo ambalo zilikusanyiwa.

Kwa vitendo:

- Usiandike hali ya afya ya mtu kwenye sehemu ya maelezo. Zahanati msichanganye orodha ya wagonjwa na kitabu cha anwani kwa namna yoyote ile.
- Usitume faili zima la majina kwa mfanyabiashara au mgombea anayeliomba, hata akiwa jirani.
- Ukiandikia watu wengi wasiofahamiana, weka anwani zao kwenye "Bcc" ili wasionane.

Siku mtunzaji anapohama

Kila kitabu cha pamoja kiwe na mtunzaji mmoja na msaidizi mmoja, majina yao yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Akihama, fanyeni haya kabla hajapanda gari:

1. Atoe orodha nzima kama faili la vCard, muiweke kwenye flashi mbili.
2. Anwani ya kurejeshea akaunti na namba ya simu ya uthibitisho zibadilishwe ziwe za msaidizi. Hili lifanyike akiwa amekaa hapo, kwa sababu ujumbe wa uthibitisho unaweza kuingia kwenye simu yake.
3. Nywila ibadilishwe, na vifaa vyake viondolewe kwenye akaunti.
4. Mtunzaji mpya aongeze jina moja la majaribio kwenye simu yake, wengine wahakikishe wameliona, kisha alifute.

Kwa vyama vya korosho, ukaguzi wa orodha nzima ufanyike Septemba, kabla minada haijaanza kuwashughulisha. Pigia kila namba. Isiyopatikana iwekewe alama, iulizwe kwa mtendaji wa kijiji, na isipopatikana tena baada ya hapo iondolewe.